Ukingo wa Shamba: Historia ya Kulinda Mazao Kutoka Ituri Hadi Kyangwali



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, wenzetu wameandika juu ya shule, visima, zahanati na vikao vya usuluhishi. Sisi wa upande wa kilimo katika Kamati tuliombwa tuandike historia ya mashamba. Tulipokaa na wazee, akina mama kwa akina baba, kila mmoja alianza kwa kueleza habari za kupanda, na kila mmoja akaishia kwenye habari za kulinda. Kupanda ni siku chache. Kulinda ni msimu mzima.

Ripoti zinazoandikwa juu ya makazi yetu huhesabu ekari, kilo za mbegu na majembe yaliyogawiwa, na ni vizuri zihesabiwe. Lakini hatujaona ripoti yenye safu ya kuandika saa ambazo mtu amekaa shambani akifukuza kindi, ngedere na nguruwe. Kwa hiyo tumeona tuandike historia hiyo. Ndugu zetu wa mashirika watusomee kwa uvumilivu, maana mengi tunayoyasema wakulima wanayajua tayari, ila hayajapata kuandikwa pamoja.

Tuanze na wageni wenyewe, kwa kufuata kalenda yao. Hapa Bunyoro tunapanda mara mbili kwa mwaka, Machi na Aprili, kisha Agosti na Septemba. Wa kwanza kufika ni mdogo kuliko wote, naye ni kindi wa ardhini, ambaye wengine wetu humwita kuchakuro. Huyu anaishi katika mashimo na hutoka mchana, hasa asubuhi jua likishaanza kupasha udongo. Hali majani ya mahindi. Anataka punje uliyoifukia. Akishagundua shimo moja hufuata mstari wote, shimo kwa shimo, kana kwamba alikuwepo wakati kamba ya kupandia inavutwa. Karanga anazipenda zaidi. Hatari yake hudumu tangu siku ya kupanda hadi mche umalize chakula kilichomo ndani ya punje, kama wiki mbili hivi. Baada ya hapo anakuacha, lakini msimu wako umekwisha pata mapengo, na anayerudia kupanda huvuna kwa kuchelewa.

Mahindi yakifikia kuwa na maziwa huja ngedere na nyani. Hao huja mchana, kwa makundi, na mmoja hubaki juu ya mti akiangalia. Wanavunja mengi kuliko wanavyokula. Usiku ni zamu ya nguruwe pori, anayelaza mahindi chini na kufukua mihogo na viazi, na nungu anayetafuna mizizi na mashina. Ndege wanangoja mtama ukomae. Panya wanangoja uvune, wahamie nyumbani pamoja nawe. Mwenye kulipanga jambo hili vizuri ataona kwamba hakuna saa katika saa ishirini na nne ambayo shamba linaweza kuachwa peke yake, na kaya yenye watu wazima wawili haiwezi kulala, kuchota maji, kwenda kwenye mgawo na kulinda kwa wakati mmoja. Hapo ndipo watoto walipoingia katika kazi hii, na tutarudi kwao.

Wengi wetu tulitoka Ituri, ng'ambo ya Ziwa Albert. Huko wazee wetu hawakuhesabu ulinzi wa shamba kuwa kazi ya kaya moja. Katika upande wa msitu, Wambuti walikuwa wakiwinda kwa nyavu: familia kadhaa ziliunganisha nyavu zao kuwa ukuta mrefu, wanawake na watoto wakapiga kelele kuwasukuma wanyama, wanaume wakangoja kwenye nyavu. Mkulima wa kijijini alibadilishana nao ndizi na mihogo kwa nyama. Watu husema ilikuwa biashara ya chakula tu. Sisi tunaona ilikuwa pia ulinzi wa mazao, kwa sababu paa na nguruwe waliokuwa wakizunguka mashamba ndio hao hao walioishia katika nyavu. Vijiji vingine viliweka mitego kuzunguka shamba jipya, na nyama iliyopatikana mle ilikuwa sehemu ya mavuno. Mnyama aliyekula mahindi yako, nawe ulimla.

Mambo hayo yalibadilishwa na serikali za kikoloni, pande zote mbili za ziwa. Kongo ya Wabelgiji ilianzisha kilimo cha lazima mwaka 1917, na vijiji vingi vya msituni vikahamishiwa kando ya barabara ili vihesabiwe na vitozwe kodi kwa urahisi. Baadaye taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, ilipendekeza mashamba yapangwe kwa mikanda ya upana wa mita 100, mkanda mmoja ukilimwa na wa jirani ukiachwa kuwa msitu, ili udongo upumzike. Kwa udongo palikuwa na hekima. Kwa mlinzi ilikuwa balaa: kila shamba lilikuwa na msitu kushoto na msitu kulia. Hatudhani wataalamu wale waliwahi kulala kwenye kibanda cha kulindia mahindi.

Upande huu wa Uganda, historia ya ukingo ilianza kwa ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalipoua watu wengi, serikali ya Waingereza iliwaondoa wakazi katika sehemu kubwa za nchi, zikiwemo sehemu za kaskazini mwa Bunyoro. Mwaka 1910 nchi hiyo iliyoachwa tupu ilifanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1952 ikawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Ng'ambo, Hifadhi ya Albert, ambayo leo inaitwa Virunga, ilikuwa imetangazwa tangu 1925. Watu walipoondolewa, vichaka vilirudi, na wanyama wakaongezeka pale palipokuwa na mashamba ya watu. Mipaka mingi kati ya shamba na pori ambayo leo tunaiona kama ya asili, iliwekwa na binadamu kwa amri, na mara nyingi katika maisha ya mtu mmoja.

Serikali hiyo hiyo ikajikuta inalazimika kulinda mashamba dhidi ya wanyama iliokuwa ikiwatunza. Idara ya Wanyama ya Uganda ilianza mwaka 1925 chini ya Kapteni Charles Pitman, aliyekaa katika kazi hiyo hadi 1951, na kazi yake kubwa ilikuwa kudhibiti tembo. Kwa miongo kadhaa maelfu ya tembo walipigwa risasi kwa jina la kuokoa mazao. Lakini tazameni tofauti. Zamani kijiji kilikuwa na haki ya kujilinda na kula alichokiua. Sasa mkulima alipaswa kwenda kushtaki, angoje askari mwenye bunduki, na pembe ziwe za serikali. Kwa tembo, mpango ule ulifanya kazi kiasi. Kwa kindi haukuwa na maana yoyote, maana hakuna ofisi duniani inayotuma askari kumwinda kindi.

Mgawanyo huo haujatoweka. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, iliyoundwa mwaka 1996, ndiyo yenye dhamana ya wanyamapori. Nyani, ngedere na nguruwe pori wamewekwa katika kundi la wanyama waharibifu, na kazi ya kuwadhibiti ikashushwa wilayani. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iliweka mpango wa fidia kwa anayeuawa, anayejeruhiwa au anayeharibiwa mali na wanyama walioorodheshwa. Hiyo ni hatua, nasi tunaipongeza. Ila asidhani mtu kwamba atalipwa kwa kila mhindi uliong'olewa. Hao wadogo wanaotumaliza kila siku, gharama yao inabaki kwa mwenye shamba.

Wakimbizi tunaingia wapi katika historia hii? Tunaingia ukingoni. Nchi inapopokea watu kwa maelfu, huwapa ardhi ambayo haijakaliwa, na ardhi isiyokaliwa huwa na sababu yake. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo magharibi mwa Tanzania, katika misitu ya miombo yenye mbung'o na wanyama, na wakaigeuza kuwa mashamba yaliyolisha hata majirani zao. Kyangwali yetu iliwapokea Wanyarwanda katika miaka ya 1960. Wengi wao walirudi kwao baada ya 1994, na baadhi ya mashamba waliyoyasafisha yakarudi kuwa kichaka. Wakaja Wakongo wa vita vya miaka ya 1990 na ya 2000. Kisha kuanzia Desemba 2017 na miezi ya mwanzo ya 2018, maelfu wakavuka ziwa kwa mitumbwi hadi Sebagoro, na wengi wakapimiwa viwanja katika sehemu zilizokuwa bado pori.

Waliofika mapema walipata mashamba makubwa, na kwa miaka yakawa katikati ya makazi. Waliofika mwisho walipata viwanja vidogo, na wengi wako pembeni. Kusini mwa ziwa hili, kandokando ya msitu wa Kibale, mtafiti Lisa Naughton-Treves alifuatilia vijiji sita kwa miaka miwili katika miaka ya 1990. Aliona kwamba ukichukua wastani, hasara ya mazao kwa msimu ilionekana ndogo. Lakini wastani ulificha jambo. Hasara ilirundikana kwa wachache waliopakana na msitu, na shamba moja moja la mahindi au mihogo liliweza kumalizwa lote. Nyani, nguruwe pori, kima, sokwe na tembo ndio waliosababisha sehemu kubwa ya uharibifu huo.

Hili tunaomba lisomwe mara mbili, hasa na wale wanaopanga miradi. Mwenye shamba la katikati akisema, "Hapa kwangu nyani si tatizo," anasema kweli. Si tatizo kwake kwa sababu kuna mtu pembeni ambaye amekesha. Kaya ya ukingoni ni uzio wa wote, uzio ambao haukulipiwa.

Sasa tuseme juu ya mbinu, kwa kuwa tumejaribu nyingi.

Kwa kindi, dawa iliyo bora kuliko zote haina gharama, ila inahitaji maelewano: majirani wapande siku moja au siku zinazofuatana. Anayepanda peke yake wiki mbili kabla ya wenzake anawaalika kindi wote wa mtaa kwenye sahani moja. Wakipanda wote pamoja, kindi ni wale wale na punje ni nyingi, kila mmoja hupoteza kidogo. Mbegu zinazogawiwa kwa zamu, huku zikifika mapema na kule zikichelewa, huvunja maelewano hayo. Tumeshalisema jambo hili katika vikao na tunalirudia hapa kwa heshima: mbegu zikifika siku moja, hiyo pekee ni ulinzi. Zaidi ya hapo, fyekeni ukanda kuzunguka shamba, maana kindi hapendi kuvuka mahali peupe mbali na shimo lake. Fukieni punje vizuri na kukanyaga udongo. Na kwa wiki mbili za kwanza awepo mtu shambani tangu alfajiri.

Sanamu ya nguo kuukuu hudanganya ngedere kwa siku chache tu. Ihamisheni kila siku, la sivyo watakaa juu ya kichwa chake. Debe na kombeo husaidia mikononi mwa mtu aliye macho. Mbwa husaidia zaidi, lakini naye anataka kula. Uzio wa miiba iliyopandwa ni mzuri kwa anayekaa mahali miaka mingi. Njia ya pilipili iliyochanganywa na grisi kwenye kamba, iliyoendelezwa Zimbabwe katika miaka ya 1990, na ile ya mizinga ya nyuki iliyojaribiwa Kenya na Lucy King, zilibuniwa kwa ajili ya tembo. Mradi wowote utakaotuletea mizinga tutaupokea kwa furaha kwa sababu ya asali, lakini nyuki hatamzuia kindi.

Kuna wanaochanganya dawa ya wadudu na punje za mahindi na kuzitupa ukingoni. Tunalipinga jambo hilo moja kwa moja. Punje ile haichagui. Huliwa na kuku, na mbwa, na mtoto mwenye njaa, na ndege aliyekufa huokotwa na kupikwa.

Sasa mbinu ya akina mama, ambayo ni ya zamani kuliko zote na yenye upanga wa pande mbili. Katika nchi nyingi wakulima wa ukingoni hupanda mihogo michungu kwa makusudi. Mhogo mchungu una sumu, na ngedere, nguruwe na panya huugusa kidogo kuliko ule mtamu. Hata mwizi huuacha, maana hauliki mbichi. Akina mama wa Nkhata Bay nchini Malawi waliwaeleza watafiti katika miaka ya 1990 kwamba wanaupenda mchungu kwa sababu hiyo hiyo, kwamba unajilinda wenyewe, na kwamba mwenye kujua kuusindika ni mwanamke, hivyo chakula kinabaki mikononi mwake. Hiyo ni akili kubwa. Badala ya kumlinda mmea, umechagua mmea unaokulinda.

Lakini mchungu unadai muda. Unapaswa kumenywa, kulowekwa kama siku tatu mpaka ulainike, kisha kuanikwa ukauke. Palipofupishwa njia hiyo palitokea konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote. Uliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo, na jina lenyewe ni la lugha ya Wayaka. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipatwa, wengi wao watoto na akina mama. Katika Bandundu, familia zilipofupisha kuloweka ili kuwahi malori ya kwenda Kinshasa, konzo ilifuata barabara ya lami. Kwa hiyo yeyote anayepanda mchungu hapa kwa kuwakimbia nguruwe ahakikishe ana maji ya kutosha na siku za kutosha. Pale ambapo foleni ya kisima inachukua nusu ya siku, mama anashawishika kuloweka siku moja tu. Ndugu zetu wa idara ya maji na wa idara ya afya wanapokutana, tunaomba mhogo uwe katika ajenda yao.

Tulisema tutarudi kwa watoto. Mwalimu akifungua daftari la mahudhurio katika wiki mbili za baada ya kupanda, na tena mahindi yanapokuwa mabichi, ataona nafasi tupu, na nyingi ni za watoto wa ukingoni. Mtoto wa katikati yuko darasani. Ngedere wanajua kutofautisha mtoto na mtu mzima, na tumeona wakimcheka msichana mdogo kwa meno. Kwa ngedere hayo ni kero. Kwa sokwe ni hatari ya kweli. Hapa Bunyoro, ambapo misitu imekatwa vipande vipande, sokwe wamewahi kushambulia watoto vijijini na hata kuua. Msitu wa Bugoma ulio jirani yetu una mamia ya sokwe, na tangu 2020 sehemu ya ardhi ya ukingo wake imefyekwa kwa ajili ya miwa. Sokwe analindwa na sheria, asiguswe. Lakini na mtoto asitumwe kumfukuza. Sehemu zinazopakana na msitu, ulinzi ni wa watu wazima, wawili wawili.

Uzito wa haya yote uliongezeka mwaka 2020. Aprili ya mwaka huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha, na mwaka 2023 kaya zikagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji. Zamani nguruwe akilaza mahindi yako, mgawo ulikufikisha msimu mwingine. Sasa robo ekari iliyoliwa usiku mmoja ni miezi ya kula mara moja kwa siku. Serikali ya Uganda ilitupa haki ya kutumia ardhi kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, na tunaishukuru, maana ndugu zetu katika nchi nyingine hawana haki hiyo. Haki hiyo inakamilika pale mtu anapovuna alichopanda.

Katika mitaa michache, majirani wameanza tena desturi ya zamani bila kuiita kwa jina. Kaya kumi au kumi na tano zimejenga vibanda viwili ukingoni, na zamu ya usiku inahusu wote, wenye mashamba ya pembeni na wa ndani. Katika vibanda hivyo hukaa watu ambao vita ya kwetu iliwagawa, na hatukuwapanga hivyo kwa somo la amani. Ilikuwa ni orodha ya viwanja tu. Wanatumia tochi moja na debe moja.

Kwa msimu wa Machi, Kamati imekubali mambo matatu. Ukanda wa ukingoni utafyekwa kwa kazi ya pamoja kabla ya kupanda. Zamu za alfajiri katika wiki mbili za kindi zitashikwa na watu wazima, ili watoto waende shule. Na kila mtaa utachagua siku yake ya kupanda, isipokuwa mbegu zikichelewa. La nne halijakubaliwa: kwamba kila kaya ya katikati itoe debe moja la mahindi wakati wa mavuno kwa kaya zinazowalinda wenzao. Wa ukingoni wanasema debe ni dogo. Wa katikati wanasema nao wana njaa. Kikao kitaendelea Jumamosi baada ya mgawo, chini ya mwembe wa shule, na wenye viwanja vya ndani wanaombwa wasikose.